Pezi Moja kwa Miguu Miwili

Mmeniuliza kwenye kahawa, na wengine mmenitumia salamu kutoka Misima: nilikwenda wapi siku kumi na moja, mbona nimerudi nimekonda, na hilo dude jeusi mlilosikia nimekuja nalo ni kitu gani? Nimechoka kulieleza jambo hili vipande vipande, huyu akapata mwanzo na yule akaokota mwisho. Naliandika mara moja, msomeane, mimi niachwe nilale.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye mlinzi wa pampu ya lambo kijijini kwetu, na chujio la bomba likizibwa na magugu ni mimi ninayezama kulisafisha, pima tatu chini, kwa pumzi moja. Mguu wangu wa kushoto nao mnaujua, ulipooza nikiwa na miaka sita. Kwenye shamba la kijiji mguu huu hunifanya niwe nyuma ya wazee. Kwenye maji ndiko nilikokuwa na faida.

Mwaka huu magugu yalizidi. Mara ya mwisho nilizama na vile viatu vya mpira wa tairi nilivyojitengenezea. Mguu mzima ukawa unasukuma, mbovu unaburutwa, nikawa nazunguka palepale mpaka magugu yakanikamata kifundo. Nilitoka natokwa damu puani, na chujio nikaliacha kama nilivyolikuta. Bombani maji yakawa uzi. Wanawake wakarudia visima vya zamani, kutoka alfajiri, kurudi jua likiwa utosini.

Mke wangu, Mama Zuhura, aliniapisha nisizame tena na vile viatu. Mwenyekiti naye akasema mwezi ukiisha chujio halijafunguka, pampu atapewa mwingine, mimi nishike jembe kama watu wote.

Ndipo nikamkumbuka Anton, yule mgeni mpima mito aliyekuja kupima kina cha lambo baada ya masika. Siku ile alikaa ukingoni akanitazama nikizama, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba kwao vijana hushindana kuogelea chini ya maji kwa pezi moja. Ni viatu viwili vilivyounganishwa kwenye bamba moja pana, miguu yote ikaenda pamoja. "Mguu nguvu atabeba mguu mgonjwa," alisema. Alikuwa na mapezi matatu, na kabla hajarudi kwao angeniachia moja, ila niende mwenyewe Kwashemshi alikopanga, nikachague linalonikaa. Nikampelekea telegramu kwamba naja. Nikafunga kikapu.

Handeni hadi Korogwe

Basi liliondoka Jumamosi saa nne badala ya saa moja. Tulipofika Sindeni likatoa moshi chini ya miguu ya dereva, tukashuka. Fundi alikuwepo, spana haikuwepo. Spana ilipokuja, fundi alikuwa ameshakwenda kwenye msiba. Tukakaa kwenye vumbi mpaka jua likazama. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua alitugawia ugali baridi wa mahindi ya njano, yale ya msaada, tukautafuna bila mboga.

"Unafuata nini Korogwe, baba?" akaniuliza.

"Pezi."

"Samaki siku hizi hawapatikani hata Korogwe," akasema kwa huruma, akaniongezea kipande.

Sikumsahihisha. Nilidhani ndiye atakayekuwa wa kwanza na wa mwisho kukosea.

Tuliingia Korogwe Jumapili saa tisa. Siku hizi Jumapili baada ya saa nane magari ya watu hayaruhusiwi barabarani, kwa ajili ya kubana mafuta, kwa hiyo hata lifti ya kwenda Kwashemshi haikuwepo. Nikaketi kwenye duka la chai nikiwa na miguu inayopwita. Nikamuuliza mwenye duka kama anamfahamu mzungu anayeshughulika na maji.

"Mzungu wa maji? Huyo yuko Mkumbara."

"Mimi nimeambiwa Kwashemshi."

"Alikuwa Kwashemshi?" Akawauliza wateja wake. Wateja wakashauriana, wakakubaliana kwamba mzungu wa maji yuko Mkumbara, wamemwona kwa macho yao, ana mabomba. Wote walizungumza kwa uhakika, na mtu aliyechoka humwamini yeyote mwenye uhakika.

Mkumbara

Jumatatu nikapanda lori la mchanga lililokuwa linaelekea njia ya Moshi. Nilikaa juu ya mchanga, milima ya Usambara ikiwa mkono wa kulia, jua usoni. Nikashushwa Mkumbara nikaonyeshwa nyumba yenye mabomba nje.

Mzungu wa maji wa Mkumbara alikuwa padri mzee, mfupi, mwenye ndevu nyeupe, anachimba kisima cha shule. Hakusikia vizuri sikio moja. Nilimwamkia, nikamweleza kwa sauti kubwa kwamba nimetoka Handeni kufuata pezi.

"Pezi?"

"Pezi, padri. La kuvaa mi—"

"Pole sana, mwanangu," akasema, akamwita mpishi wake.

Mpishi akaniandalia mahali kivulini. Ikaja bada ya moto, ugali wa muhogo, na bakuli la mchuzi wa samaki wa ziwa la huko bondeni, vichwa na mapezi tupu, kwa sababu minofu walikuwa wamekula jana yake. Padri akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula. Mnacheka, lakini mimi siku ile sikuwa na la kucheka. Nilikuwa nimelala kwenye benchi, nimesafiri juu ya mchanga, na aliyekuwa mbele yangu siye. Nikala. Mchuzi ulikuwa mtamu, una ndimu, na nilipomaliza padri alifurahi kama aliyeponya mgonjwa. Nikashindwa kumvunja moyo. Nikashukuru.

Mpishi ndiye aliyenielewa, tukiwa tunaosha vyombo. Nilimchorea pezi lenyewe kwa kidole kwenye majivu ya jiko. Akalitazama sana.

"Huyo unayemtafuta ni yule anayeingia mtoni na saa mkononi," akasema. "Yuko Kwashemshi, kwa Mama Naomi. Nani amekuleta huku?"

"Watu wenye uhakika," nikamwambia.

Gari la kurudi sikulipata mpaka Jumanne jioni.

Kwashemshi

Jumatano niliteremshwa njia panda, sehemu iliyobaki nikaimaliza kwa mguu, mmoja na nusu. Nyumba ya Mama Naomi ilikuwa ya matofali, ina migomba nyuma, ua umefagiliwa mpaka unaogopa kuukanyaga. Mwenyewe alikuwa Msambaa wa umri wa mama yangu, mjane, mkunga aliyestaafu. Alikuwa amesimama mlangoni kabla sijabisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mhando wa Handeni?"

"Ndimi, mama."

"Una mke?"

Nilidhani ni salamu za huku. "Ninaye, mama. Na watoto wanne."

"Na huoni haya?"

"Haya ya nini, mama? Mke wangu ndiye aliyenihimiza nije."

Mama Naomi akashika kizingiti. "Mkeo. Ndiye aliyekuhimiza."

"Alichoka kuniona nahangaika. Anton aliniambia wapo matatu"—nilikuwa nimechoka, hata Kiswahili kilikuwa kinateleza—"nichague moja. Lakini siwezi kuchukua bila kujaribu yote, mama. Lazima nijaribu kwanza."

Aliingia ndani akatoka na mwiko wa ugali, ule mkubwa wa shughuli.

Nikarudi nyuma hatua tatu. Mguu mbovu ukanikatalia, nikakaa chini pwaa katikati ya ua ule msafi. Labda hilo ndilo lililoniokoa, maana mkunga hampigi mtu aliyekaa chini. Akaingiza mkono kwenye kanga akatoa karatasi, akanitupia. Ilikuwa telegramu yangu. Alikuwa ameifungua mwenyewe, kwa sababu Anton hakuwepo, na kwao telegramu ni msiba.

Mimi nilikuwa nimeandika hivi: NAJA KUCHAGUA PEZI MOJA LINALONIFAA. MHANDO. Karani mmoja, sijui wa wapi katika njia ile, aliona mtu wa bara hajui kuandika, akamsahihishia. Iliyofika ilisema: NAJA KUCHAGUA MPENZI MMOJA ANAYENIFAA. MHANDO.

"Na Anton mwenyewe," Mama Naomi akasema akininyooshea mwiko, "kabla ya kwenda Mashewa aliniambia nini? 'Mama, mtu wa Handeni atakuja kuchagua. Wapo watatu. Atachukua mmoja, wawili nitaondoka nao.' Mimi nina wajukuu watatu wa kike humu ndani! Nimewapandisha mlimani kwa shangazi yao tangu juzi!"

Sikuwa na nguvu za kujitetea. Niliokota kijiti nikachora palepale nilipokaa: viatu viwili, bamba, mkia. Nikamweleza lambo, chujio, magugu, damu puani. Nikamwonyesha mguu wenyewe. Aliinama akaushika kwa mikono miwili, kwa namna ya watu waliozoea kushika viungo vya watu, akaupindisha, akaubonyeza.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alianza kucheka kwa chini, mwishowe alikaa kwenye vumbi pamoja nami, mwiko magotini, machozi yanamtoka. "Mpenzi mmoja anayenifaa," alikuwa akirudia. "Siwezi kuchukua bila kujaribu. Ee Mungu wangu."

Jioni ile alinitilia maji ya moto na chumvi kwenye karai. Miguu yangu ilikuwa imevimba, wa kulia umekuwa kama muhogo. Nikataka kuondoka kesho yake kumfuata Anton huko Mashewa. Akakataa.

"Unakwenda kuchagua kitu cha kuvaa mguuni na huu siyo mguu wako, huu ni mguu wa barabara. Ukichagua kwa mguu huu, kikifika kwako kitakupwaya. Pumzika kesho."

Siku ikapotea nyingine. Alikuwa na haki, lakini nilikuwa nahesabu siku za mwenyekiti, na kila saa niliyokaa nimenyoosha miguu kwenye mkeka wa Mama Naomi nilimwona Mama Zuhura na ndoo yake kwenye njia ya kisimani.

Mashewa

Ijumaa asubuhi trekta la kijiji likanipeleka Mashewa nimening'inia nyuma ya tela la mbegu. Anton nilimkuta kwenye kona ya mto palipo na kina, amesimama majini mpaka kiunoni, anasoma namba kwenye nguzo yake. Aliponiona alinyanyua mikono yote miwili.

"Mhando! Nilifikiri wewe amekufa!"

Nikamsimulia habari ya mpenzi. Hakuielewa, nikaacha.

Mapezi yenyewe alikuwa nayo pale, maana jioni alikuwa akifanya nayo mazoezi. Aliyapanga kwenye majani. La kwanza lilikuwa jeupe, pana kuliko mlango wa choo, linang'aa. Mara moja nikajua ndilo langu. La pili la kijani, jembamba. La tatu lilikuwa fupi, mpira mweusi umefifia, lina kiraka kama cha tyubu ya baiskeli.

"Hili," nikasema, nikishika jeupe.

"Vaa. Ndani maji. Kaa."

Nikaingiza miguu, nikajisukuma majini. Nilipopiga mara moja, niliruka kama niliyetupwa. Sijawahi kwenda kasi ile na mwili wangu mwenyewe. Nikapiga mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne unyayo wa kulia ukakaza kama umeingia msumari, nikatoka nimeshikilia mti.

"Ni geni tu," nikasema. "Nitazoea."

"Hilo ni kwa mashindano. Dakika moja, halafu medali, halafu vua. Wewe unafanya kazi." Akawasha kiko chake. "Kaa na hiyo ndani maji. Mimi navuta. Kiko akiisha, sema."

Kiko hakijafika nusu vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Lile la kijani kisigino cha kulia hakikuingia hata kwa mate. Ndipo nikavaa lile jeusi lenye kiraka, moyo umenishuka, nikiwaza nitakavyolipitisha mbele ya mwenyekiti.

Nilikaa nalo majini kiko kizima. Akatia tumbaku nyingine. Nikakaa tena. Mguu wa kulia ulikuwa umetulia kama umelala. Wa kushoto, kwa kuwa ni mdogo, ulikuwa unacheza ndani, lakini hauumi.

"Dakika ya kwanza pezi wote wazuri," Anton akasema. "Dakika ya ishirini ndiye rafiki."

Kisha akanifundisha. Alinilaza majini akanishika tumbo, akanipiga kofi kila nilipokunja goti. Teke halianzi mguuni, alisema, linaanza kifuani, linateremka kiunoni, miguu inapokea tu. Tulirudia mpaka nikanywa nusu ya mto. Mchana nikazama peke yangu hadi chini, yeye akiwa juu anatazama saa, na hakuniruhusu kuzama hata mara moja bila yeye kuniangalia. Kule chini, katikati ya maji ya kijani, nikatoa wimbi moja kutoka kifuani likashuka mpaka mwisho. Nilikwenda mbele moja kwa moja, sikuzunguka. Na kwa muda ule sikujua mguu wangu upi ni mzima na upi ni mbovu. Nilitoka juu nikaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili. Anton akadhani nimeumia.

"Anabana?"

"Habani," nikamjibu.

Nililitazama tena lile jeupe, nakiri. Akaniuliza nitalipandishaje kwenye basi. Nikalipima kwa macho na mlango wa basi la Handeni, nikaliacha.

Kurudi

Kwashemshi nilifika Jumamosi jioni. Mama Naomi akataka kuliona pezi. Akaingiza mkono kwenye kiatu cha kushoto, akaupima mguu wangu kwa shubiri, akatikisa kichwa.

"Hiki kitakuvuka mguuni siku mbaya."

Jumapili baada ya ibada alifumua mkono wa sweta la marehemu mumewe, sweta zito la rangi ya kahawia, akakaa kibarazani kunifumia soksi ya mguu mmoja. Wajukuu walikuwa wameshateremshwa mlimani. Walipita kunisalimia mmoja mmoja, "Shikamoo, baba," halafu wakakimbilia jikoni, na kicheko nilichokisikia humo sitaki kukieleza. Soksi ilipokwisha nikavaa pezi palepale. Mguu mdogo ukajaa.

"Sasa umepata anayekufaa," Mama Naomi akasema, bila kucheka hata kidogo.

Jumatatu, Korogwe. Nilikuwa nimelifunga pezi mgongoni kwa kamba, na kwenye kituo cha magari mgambo wawili wakanisimamisha. Siku hizi kila furushi lina maswali.

"Hiki nini?"

"Pezi."

"La samaki gani? Nyangumi?" Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye sauti. "Mzee, usituchezee. Hiki ni kifaa. Umekitoa wapi?"

Nikaeleza lambo. Nikaeleza chujio. Nilikuwa nimeyaeleza mara nyingi mno, na nadhani sauti yangu ilikuwa inasikika kama ya mtu anayedanganya, maana anayesema kweli hachoki hivyo.

"Kama ni la kuvaa, livae tuone."

Nikaketi kwenye vumbi, nikavaa soksi, nikaingiza miguu yote.

"Haya, tembea."

"Halitembei, afande. Ni la majini."

"Tembea!"

Nikasimama kwa kushika nguzo ya kibanda cha machungwa. Nikaruka mara moja kama chura, mara ya pili nikaanguka kifudifudi. Kituo kizima kilicheka. Wauza machungwa walicheka, makondakta walicheka, na mgambo mdogo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Suruali ilikuwa imepanda gotini. Yule mkubwa alikuja kunivua, akashika mguu wa kushoto, akauona ulivyo.

Aliacha kucheka. Akanivua pezi polepole, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akaniinua.

"Mama yangu anachota maji lamboni," akasema, akitazama pembeni. "Unisamehe, baba."

Alinitafutia nafasi kwenye lori la Handeni, akamwambia dereva anikalishe mbele. Sikuweza kumkasirikia. Hata hasira inataka nguvu.

Nyumbani

Jumanne alasiri nilishuka. Mama Zuhura alikuwa ndiyo anatoka kisimani. Alitua ndoo, akanitazama kuanzia kichwani mpaka chini.

"Umelipata?"

"Nimelipata."

"Linakubana?"

"Halinibani."

"Basi lala kwanza."

Nililala mpaka Jumatano adhuhuri. Alhamisi, siku mbili kabla ya mwezi wa mwenyekiti kwisha, kijiji kizima kilikuja lamboni. Mwenyekiti alikitazama kile kiraka, akakibonyeza kwa kidole. Nilimwomba Mama Zuhura ahesabu kwa sauti, kama Anton alivyonifundisha, nisizame bila mtu wa kunihesabia. Siku zote nilikuwa nikitoka kabla ya sitini. Nilivaa soksi, nikavaa pezi, nikavuta pumzi, nikaenda.

Haya yanayofuata mlikuwepo wengine, mliyaona ya juu. Sitini ikapita. Themanini ikapita. Ilipofika mia, sauti ya Mama Zuhura ilikuwa imeanza kukatika. Mia na kumi akaacha kuhesabu akapiga ukelele, wanaume wakavua mashati, mwenyekiti mwenyewe akaingia majini na viatu, naye hajui kuogelea. Ndipo nikaibukia upande wa pili, mbali na watu wote, na fungu la magugu mkononi. Kwenye nyumba ya pampu bomba likakohoa, likatema tope, kisha likaanza kumwaga.

Watu walikimbilia maji. Mama Zuhura alikimbilia kwangu. Alinizaba kofi mbele ya kijiji kizima, la kwanza katika ndoa yetu, halafu akanikumbatia nikiwa nimelowa hivyohivyo.

"Ulikuwa umekwama?"

"Hapana."

"Magugu yalikuwa mengi?"

"Mengi," nikamwambia.

Ninyi niliowaandikia nitawaambia ukweli. Chujio lilifunguka mapema, sijui kama hamsini ilikuwa imefika. Nililisikia bomba likianza kuvuta, nikajua kazi imekwisha, nikageuka nirudi juu. Pumzi ilikuwepo bado. Hakuna kitu kilichokuwa kinaniuma, wala kuniita, wala kunichelewesha. Nikatoa wimbi moja kutoka kifuani, nikaenda. Nikatoa lingine. Nililizunguka lambo lote huko chini, polepole, kwa ajili yangu tu, na wakati mke wangu alipokuwa anapiga ukelele juu ya kichwa changu, mimi nilikuwa natembea.

Msimwambie.